Maji ya mtoni yanaua injini za malori yetu

Katika barabara kuu inayopanda mlima Kitonga kuingia Iringa, ikapita Mafinga na Makambako hadi Mbeya na Tunduma, dumu la maji la utingo limekuwa sehemu ya lori. Rejeta ikichemka, maji ya mto humiminwa na safari huendelea. Mazoea haya yanaonekana ya kubana matumizi, kumbe ndiyo yanayoila injini polepole, na wenye magari wanapaswa kuyakomesha.

Injini ya dizeli haikuundwa kwa metali moja. Bloku ni chuma cha kusubu, rejeta ni shaba au aluminiamu. Metali tofauti zikigusana ndani ya maji yenye madini, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake na iliyo dhaifu huliwa. Mafundi wa boti za baharini wanalijua hili: injini inayopozwa kwa maji ya chumvi huwekewa kipande cha zinki ambacho kazi yake ni kuliwa ili injini isalimike, nacho hubadilishwa kabla hakijaisha. Lori halina kipande hicho. Kinga yake ni viambato vya kuzuia kutu vilivyomo kwenye kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, navyo hupungua kadiri vinavyofanya kazi, hata kama rangi bado inapendeza. Anayejaza maji matupu ameivua injini kinga yote. Kwenye malori mengi makubwa slivu, yaani mrija wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji moja kwa moja. Mtetemo wake huzaa viputo vinavyopasuka na kuuchimba ukuta wa chuma, na bila viambato hivyo vishimo huongezeka mpaka maji yapenye ndani ya silinda. Hapo tajiri hanunui tena rejeta, anafungua injini nzima.

Huku Nyanda za Juu kuna jambo la ziada. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta huongeza mgandamizo na kuchelewesha mchemko, lakini ukilegea nafuu hiyo hupotea, tena mlimani na mzigo mgongoni. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchelewa zaidi kuchemka, na haigandi sakitu inapoanguka kwenye uwanda wa Kitulo.

Wapo wanaosema malori ya zamani yalitembea kwa maji tu. Yalitembea, na yalishika kutu. Isitoshe, injini za leo zina aluminiamu nyingi zaidi, nayo haivumilii maji ya ovyo. Hoja ya bei ni nzito kuliko hiyo, kwani hakuna anayependa kumwaga kulanti kwenye rejeta inayovuja. Basi kwanza izibwe. Na dereva aliyekwama katikati ya Kitonga, foleni ikiwa nyuma yake, simlaumu akisubiri injini ipoe na kuongeza maji aliyonayo. Kosa ni kuyaacha humo miezi.

Matajiri wa malori, andikeni tarehe ya kubadilisha kulanti kwenye daftari lile lile la oili, fuateni muda uliowekwa na mtengenezaji, msichanganye aina mbili, na mpeni dereva fedha ya kuinunua kabla hamjamdai injini iliyokufa.