Ruzuku haijengi tawi

Ndugu mwandishi, ya ruzuku ya vyama vya siasa umeyaeleza vizuri, lakini tawi la chama halijengwi na ruzuku. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954 hakikuwa na ruzuku ya mtu. Safari ya Mwalimu Nyerere kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1955 ilichangiwa na wananchi, na Bibi Titi Mohamed aliwaingiza akina mama wa Dar es Salaam kwenye chama kupitia vikundi vyao vya ngoma. Aliwafuata pale walipokuwa wamekwisha kukusanyika.

Mimi ni mweka hazina wa tawi letu mwaka wa sita sasa. Kuna mama muuza vitumbua anatoa mia tano kila Jumamosi. Namwandikia risiti mbele yake, anaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Mwaka ule tulipochelewa kusoma mapato na matumizi, vijana wetu wa kubandika mabango walipungua mmoja mmoja, bila kugombana na mtu. Anayejitolea haandiki barua ya kuacha kazi.

Viongozi wetu wa wilaya, tusomeeni hesabu kila robo mwaka, hata kama zilizopatikana ni shilingi elfu kumi.