Simbakubwa ni Wetu, Mbona Hatumjui?

Uliza mtoto yeyote hapa Nairobi akutajie mnyama wa kale. Atakwambia T. rex, mnyama wa Marekani aliyemwona kwenye katuni. Sasa muulize Simbakubwa ni nani. Kimya.

Wasee, huyu ni wetu! Jina lake la kisayansi ni Simbakubwa kutokaafrika, Kiswahili kitupu. Aliishi magharibi mwa Kenya miaka kama milioni 22 iliyopita, na wanasayansi wanakadiria alimshinda hata dubu mweupe kwa ukubwa. Na jina lisikudanganye, hakuwa simba. Alikuwa wa ukoo mwingine wa wala nyama, ulioisha wote bila kuacha hata kitukuu. Alitamba hapa kabla simba hajakuwepo.

Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge kati ya 1978 na 1980. Halafu? Ikakaa kwenye droo za makumbusho Nairobi hadi 2019, watafiti wawili kutoka Marekani walipomtangaza. Siwalaumu, wao angalau walifungua droo. Sisi tulikuwa wapi miaka hiyo yote?

Najua kuna mtu atakuja hapa aseme mifupa haileti unga. Sawa, na T. rex amekuletea unga gani? Mbona huyo unamlipia tiketi ya sinema?

Mimi niliacha chuo, na Simbakubwa nimemsoma kwa simu tu, kama hiyo uko nayo mkononi. Kwa hivyo kisingizio hakuna. Leo usiku, kabla mtoto hajalala, msimulie.