Mkonge Hauhitaji Hotuba, Unahitaji Zabuni

Mkonge ulifika katika pwani yetu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Leo hatufikii hata nusu yake. Hata hivyo, hoja yangu si wingi wa tani. Ni hali ambayo nyuzi hizo huondokea bandarini: ghafi, zimefungwa marobota.

Tunaambiwa hatuna sayansi. Si kweli. Uzi wa mkonge hupenda maji, plastiki huyakataa. Ukivichanganya hivi hivi havishikani, na mzigo ukija uzi huchomoka. Tiba yake ni kuuloweka uzi katika maji yenye kostiki soda kidogo, ile ile ya watengeneza sabuni. Nta huondoka pamoja na sehemu ya lignini na hemiselulosi, uso wa uzi hukwaruzika, na plastiki hupata pa kung'ang'ania. Soda ikizidi, uzi wenyewe hudhoofika. Kipimo hiki mwanafunzi wa kemia anakimudu.

Tunaambiwa pia ni ghali. Kilicho ghali ni plastiki itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, na ndiyo maana tuitie uzi: kila kilo ya mkonge huokoa kilo ya plastiki hiyo. Sitaficha masharti. Maji ya soda yasimwagwe mtoni kabla ya kupozwa ukali. Nayo plastiki hiyo haiozi popote. Huhitaji joto la mboji iliyosimamiwa vizuri. Anayeahidi kwamba itaozea baharini anatulaghai.

Ulaghai huo tunaujua. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, nasi tukapokea mifuko mbadala ambayo mingi yake ni polipropilini. Ni plastiki iliyobadilisha kanzu.

Ndugu zangu watumishi wa umma, kiwanda hakizaliwi na kongamano. Huzaliwa na mnunuzi wa uhakika. Serikali hununua trei za miche na mbao za samani kila mwaka. Andikeni katika zabuni kwamba sehemu yake iwe na mkonge wa nchini. Wanaharakati, ulizeni mfuko mbadala umetengenezwa kwa nini. Nanyi wanafunzi, msikubali tasnifu zenu zife kabatini. Taifa linalouza uzi na kununua kilichotengenezwa kwa uzi huo halijakosa maarifa, limekosa uamuzi.