Vikombe viwili vya munkoyo
Kabla ya kukutana na rafiki yangu mmoja, hapa Kamina, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nilikuwa naunywa tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuonja. Aliniwekea vikombe viwili: cha asubuhi ile, kitamu bado, na cha siku mbili, kikali pembeni mwa ulimi. Akanieleza kazi ya mizizi inayotiwa humo: hupondwa, ikatiwa ndani ya uji wa mahindi uliopoa kidogo, nayo hugeuza wanga kuwa sukari, uji mzito hulainika, halafu uchachu huingia wenyewe. Baadaye nikasoma juu ya sheri, divai ya Jerez kusini mwa Hispania, ambayo aina yake ya fino hukomaa kwenye pipa chini ya utando wa hamira hai, nikahisi niko nyumbani, maana huko pia kinywaji hujigeuza chenyewe. Tangu hapo naonja kwa makini, na nikiandika kuhusu kinywaji au bukari ya mtu, nalipa mwenyewe, hata muuzaji awe jirani. Mama mwenye ndoo barazani anastahili ulimi makini sawa na wenye viwanda, na ukweli uleule. Juzi munkoyo wa mama mmoja ulinuka moshi, nikamwambia. Alinishukuru, akabadilisha chungu.