Oili ya gari la kasi: Herufi kwanza, namba baadaye

Biashara ya oili za injini jijini Dar es Salaam ina ugonjwa mmoja wa zamani. Mwenye Peugeot 504 iliyochoka, mwenye Land Rover ya shamba na mwenye Subaru Impreza WRX yenye turbo wakisimama mbele ya kaunta moja, mara nyingi wote watatu hupewa galoni ya aina moja: 20W-50.

Kwa mwenye duka, hesabu hiyo inaeleweka. 20W-50 inatoka haraka, bei yake ni ya chini na mtaji haulali. Tena ina historia. Injini za zamani zilikuwa na nafasi pana kati ya beringi na krenkishafti, na oili nzito ilifaa kuijaza. Mafundi waliojifunzia kazi kwenye injini hizo wakabaki na imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, basi. Imani hiyo ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayowatia hasara wenye magari ya kasi.

Namba ya kwanza, ile inayofuatwa na W, inahusu baridi. Kwa kanuni za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, uwezo wa oili ya 5W kuruhusu injini kuwaka hupimwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 10W katika nyuzi 25 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna mteja wa Kariakoo, wala wa Makete mwezi Julai, atakayewasha gari katika baridi ya namna hiyo. Anayeongeza fedha ili tu apate 0W badala ya 10W hapa nchini ananunua kinga ya theluji. Faida ya galoni ya 5W-40 iko kwingine: kwa kawaida oili hiyo ni ya sintetiki, na sintetiki huvumilia joto kali muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka masizi.

Namba ya pili ndiyo yenye kazi. Hiyo hueleza uzito wa oili ikiwa moto, katika nyuzi 100. Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakitaji kamwe, nacho ni uzito katika nyuzi 150 oili ikiwa inasuguliwa kwa kasi kubwa, kama inavyosuguliwa ndani ya beringi. Hapo oili ya daraja la 20 inatakiwa isipungue 2.6, ya 30 isipungue 2.9, ya 5W-40 au 10W-40 isipungue 3.5, na ya 50 isipungue 3.7. Kwa kipimo hicho hicho, maji ya kawaida katika nyuzi 20 yana 1. Maana yake ni kwamba ndani ya injini iliyopamba moto, oili inayoonekana kama asali dukani huwa imekaribia kuwa maji, na utando huo mwembamba ndio unaotenganisha chuma na chuma.

Katika gari lenye turbo mambo ni magumu zaidi. Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya oili ile ile iliyotoka kwenye pistoni. Gari likipanda Kitonga kwa kasi, au likikaa foleni ya barabara ya Morogoro mwezi Februari bila upepo wa kulipoza, oili hupata joto ambalo aliyeandika namba juu ya mfuniko huko Japani hakulifikiria sana. Aliyeandika namba hiyo alikuwa na jambo jingine kichwani pia, yaani matumizi madogo ya petroli. Oili nyepesi hupunguza msuguano, na viwanda vinashindana kwa takwimu za kilomita kwa lita.

Watengenezaji wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba kazi ya gari ndiyo inayoamua. Mwaka 2012 Ford waliuza Mustang GT yenye injini ya lita 5.0 na kuagiza itiwe 5W-20. Mwaka huo huo waliuza Mustang Boss 302, yenye injini ya ukoo huo huo lakini iliyoandaliwa kwa viwanja vya mashindano, na hiyo wakaiagizia 5W-50. Kwa upande mwingine, Toyota GR Yaris iliyotoka mwaka 2020, gari dogo lenye turbo na nguvu nyingi, imeagiziwa 0W-20, kwa kuwa injini yake ilisanifiwa tangu mwanzo kwa oili hiyo. Fundi atakayeimiminia 20W-50 kwa hoja kwamba ni gari la kasi atakuwa amekosea sawasawa na yule anayetia 0W-20 katika injini ya mwaka 1996.

Sasa arudiwe yule mwenye Impreza, gari linalopendwa na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi tangu liliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000. Gari hili likija kutoka Japani, huja na kitabu cha Kijapani, na hapo neno la fundi huwa ndiyo sheria. Lakini vitabu vya Impreza vilivyotolewa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 vinasomeka: matumizi ya kawaida 5W-30, na kwa maeneo ya joto kali au kazi nzito vinaruhusu daraja la 40 na hata 20W-50. Kumbe 20W-50 si sumu kwa Subaru. Ila vitabu hivyo vinadai pia oili yenye herufi SL au SJ za taasisi ya petroli ya Marekani, API, na hapo ndipo galoni nyingi za bei nafuu zinapoanguka. Oili yenye herufi SF, kwa maelezo ya API yenyewe, ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. SG ni ya mwaka 1993 kurudi nyuma. SP ilianza mwaka 2020. Mteja anayebishania namba huku galoni imeandikwa SF anabishania rangi ya nyumba isiyo na msingi.

Kwa Impreza ya turbo iliyotembea, 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki yenye SN au SP ni chaguo la busara kuliko 20W-50, hasa zile zenye mtambo wa kubadili muda wa vali, ambao huendeshwa na oili inayopita katika vinjia vyembamba.

Gharama? Ichukuliwe mfano kwamba tofauti ya bei ni shilingi 15,000 kwa lita. Kwa lita 4 ni shilingi 60,000. Anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka na kumwaga oili kila kilomita 5,000 ataongeza shilingi 180,000. Injini ya turbo ikinoki, mwenye gari huzungumzia mamilioni.

Mwenye duka hana haja ya kuitupa 20W-50. Wateja wake wapo na wataendelea kuwapo. Lakini kutenga sehemu ya mtaji kwa katoni chache za 5W-30 na 5W-40 zenye herufi za karibuni ni uwekezaji wenye akili, maana mteja wa gari la kasi hurudi kila baada ya miezi michache na hasumbuki sana na bei akishaamini mzigo. Imani hiyo huuawa na jambo moja: galoni tupu zinazonunuliwa gereji na kujazwa upya. Duka linalobadilishia wateja oili hapo hapo litoboe kila galoni mbele ya mwenye gari kabla ya kuitupa.