Sunburst: Nani Kasema Roki si Yetu?

Jamani, acheni kutuambia roki ni kelele za Wazungu. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, ilichanganya gitaa la roki, soul na midundo ya Kiafrika, na Kiswahili humohumo. Mwaka 1976 albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia, si hapa nyumbani. Miongo kadhaa baadaye Strut, kampuni ya London, ndiyo iliyokusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya.

Sisi tulikuwa wapi? Hapa Songea tuna Makumbusho ya Majimaji, kwa hiyo kutunza kumbukumbu tunajua. Wahakiki mnaandika kuhusu dansi na taarabu, sawa kabisa. Lakini mkiiruka Sunburst, wajukuu wetu watainunua historia yao kwa pauni.