Mali Bila Daftari: Makro za Lahajedwali na Kumbukumbu za Sauti za Kidichi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka methali hii iliwahusu kwanza wafanyabiashara wa pwani, waliojua kwamba gunia lisiloandikwa halina mwenyewe. Sisi wanaisimu nasi tuna mali yetu, nayo ni sauti za watu tunazozinasa uwandani. Makala haya yanatoa maoni juu ya jambo linaloonekana dogo na la kiufundi tu, yaani matumizi ya makro za lahajedwali katika kukusanya taarifa za mafaili ya sauti. Hoja yetu ni kwamba makro ni mtumishi mwema wa kuorodhesha, lakini ni shahidi dhaifu. Huweza kutueleza faili liko wapi, lina ukubwa gani na liliguswa lini. Haiwezi kutueleza ni nani anayesema ndani yake. Idara itakayochanganya mambo haya mawili itabaki na sauti zisizo na wenyewe.

Kwa wasomaji wasioitumia, lahajedwali ni jedwali la kompyuta lenye safumlalo na safuwima, kama lile la programu ya Excel. Makro ni mfululizo wa amri unaoandikwa mara moja ili kompyuta iutekeleze kila unapohitajika. Tangu mwaka 1993 Excel imekuwa na lugha yake ya kuandikia amri hizo, na si lazima mtu awe mhandisi ndipo aimudu.

2.0 Kisa cha Kidichi

Kidichi ni eneo la mashamba lililo kaskazini-mashariki mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wageni hulijua kwa hamamu za Kiajemi zilizojengwa katikati ya karne ya 19, wakati wa Seyyid Said bin Sultan, na kwa mashamba ya viungo. Kwa mwanaisimu, umuhimu wake uko kwingine. Watu wa mashamba hayo hawakutoka mahali pamoja. Wamo ambao wazazi wao waliletwa kutoka bara zama za utumwa, ambao hadhi yake ya kisheria ilifutwa Unguja mwaka 1897. Wamo waliokuja kwa msimu kuchuma karafuu wakabaki. Na wamo waliopata eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo, anaposema mzee wa Kidichi, swali la kwanza si anasema nini bali amekulia wapi na nani alimlea.

Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi wa idara yetu walikwenda huko kunasa msamiati wa kazi za shamba. Walirudi na mafaili zaidi ya mia mbili. Ndani yake mna mambo ya thamani: bibi mmoja anafafanua kwamba kungumanga na basibasi ni vya tunda moja, mwingine anataja majani na magome kwa majina ambayo watembezaji wa watalii hawayatumii. Mzee mmoja anaeleza kwa urefu namna karafuu zilivyopimwa kwa pishi na makonyo yalivyotengwa. Katika usemi wake mna maumbo ya vitenzi yanayotukumbusha lahaja ya Makunduchi. Je, alizaliwa Kidichi akayarithi kwa wazazi, au alitoka Makunduchi akiwa mtu mzima? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo tuna ushahidi wa lahaja iliyohamia shamba na kuishi humo, au tuna mchumaji mmoja tu aliyekuja na usemi wake.

Jibu hatunalo. Mafaili yalikuwa na majina yaliyotolewa na kinasasauti chenyewe, herufi mbili na tarakimu nne, na madaftari mawili ya uwandani hayakuwahi kufika idarani. Tuliporudi Kidichi na sauti ile, wazee wawili waliisikiliza kwa makini, na kila mmoja akamtaja mtu wake. Wote wawili waliotajwa walikuwa wameshafariki. Kosa ni letu, na tunalieleza hapa ili wenzetu wajihadhari.

3.0 Makro inafaa kwa nini

Ni katika kujaribu kuyaokoa mafaili yale ndipo tulipojifunza kuandika makro. Kazi yake ni rahisi kueleza. Huingia katika folda, hulichukua faili la kwanza, huandika jina lake katika safuwima ya kwanza, ukubwa katika ya pili, tarehe katika ya tatu na njia ya kulifikia katika ya nne. Kisha hushuka safumlalo moja na kulichukua faili linalofuata, mpaka yaishe. Ikikuta folda ndani ya folda, hujiita yenyewe na kuanza upya humo. Mwanasarufi ataitambua tabia hii mara moja, kwa kuwa ni ileile ya kishazi kubebwa ndani ya kishazi.

Faida zake hazina ubishi. Orodha ambayo ingemchukua karani siku nzima hupatikana kwa dakika chache, tena bila kosa la kunakili. Ukubwa wa faili nao husema mengi kuliko tulivyodhani. Sauti isiyobanwa ya aina ya WAV, inaponaswa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili, huchukua baiti 176,400 kila sekunde. Ukigawa safuwima ya ukubwa kwa idadi hiyo unapata muda wa mazungumzo bila kulifungua faili. Kwa njia hiyo tuligundua mafaili yenye baiti 44 tu, ambazo ni kichwa cha kawaida cha faili la WAV bila sauti yoyote: mtu alisema, lakini chombo hakikunasa. Tuligundua pia mafaili yenye ukubwa uliolingana hadi baiti ya mwisho katika folda tofauti, na tulipoyasikiliza tukaona kwamba ni nakala za faili lilelile. Kabla ya hapo tulikuwa tukiyahesabu mara mbili.

Hata hivyo, makro huhitaji kusimamiwa. Baadhi ya mafaili tulikuwa tumeyapa majina kama 4-2, kwa maana ya kituo cha nne na msimulizi wa pili. Makro ilipoondoa kiambishi cha aina ya faili na kuandika jina katika seli, lahajedwali ililigeuza jina kuwa tarehe. Dawa yake ni kuipanga safuwima iwe ya matini kabla makro haijaanza kuandika.

4.0 Tarehe kama shahidi

Tatizo kubwa zaidi ni la tarehe. Makro huleta tarehe hadi sekunde, na binadamu ana udhaifu wa kuamini kila kilichoandikwa kwa usahihi mkubwa. Lakini tarehe ya faili si tarehe ya mazungumzo. Katika Windows, faili linaponakiliwa kutoka kinasasauti kwenda kompyuta, nakala hupewa tarehe mpya ya kuumbwa, yaani siku ya kunakiliwa, ilhali tarehe ya kurekebishwa hubaki ileile ya zamani. Ndiyo maana katika orodha yetu yalikuwamo mafaili yaliyorekebishwa kabla ya kuumbwa. Mwanafunzi mmoja alidhani kompyuta imeharibika. Haikuharibika, ilikuwa ikieleza historia yake yenyewe, siyo historia ya Kidichi.

Mtu akilifungua faili ili kupunguza kelele za upepo, kisha akalihifadhi kwa jina lilelile, tarehe ya kurekebishwa nayo hubadilika, na ushahidi wa mwisho hutoweka. Aidha, kinasasauti ambacho saa yake haikuwekwa sawa hutoa tarehe ya uongo tangu mwanzo. Makro haiwezi kuligundua lolote katika haya. Huripoti kwa uaminifu kile ilichokikuta, na uaminifu huo ndio unaotupoteza.

5.0 Saa ya mashine na saa ya Waswahili

Daftari moja lililopatikana lilitupa matumaini. Tulidhani kwamba kwa kulinganisha saa zilizoandikwa humo na saa za mafaili tungeweza kumpa kila msemaji sauti yake. Fomula ya kulinganisha haikuoanisha hata faili moja, na sababu ilikuwa mbele ya macho yetu. Mwanafunzi aliandika saa 4 asubuhi, kama Mswahili yeyote. Mashine iliandika 10:00. Tofauti ya saa 6 ni rahisi kurekebisha, mradi daftari liwe limetaja asubuhi, mchana au usiku. Lisipotaja, saa 4 inaweza kuwa 10:00 au 22:00.

Gumu zaidi lilikuwa la siku. Daftari lilisema usiku wa Ijumaa, saa 2; mashine ilisema Alhamisi, 20:00. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mashine huanza siku yake usiku wa manane. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa kalenda yake. Inafaa tutambue kwamba programu hizi zimetungwa na watu wenye hesabu nyingine ya wakati, na kwamba ni juu yetu, siyo juu ya mashine, kuandika kanuni ya kuoanisha hesabu hizo mbili. Tulipoiandika, sehemu ya mafaili ilipata wenyewe. Ya mzee wa karafuu hayakuwamo katika daftari hilo.

6.0 Hoja za wanaopinga

Wako wenzetu wanaosema kwamba siku hizi daftari limepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta huandika kila kitu. Tunawajibu kwa mfano wa kaseti. Mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Helsinki, ulioendeshwa kati ya 1988 na 1992, ulikusanya lugha na fasihi simulizi ya Waswahili katika zama za kanda. Kanda haina tarehe ndani yake, na kila kanda hufanana na nyingine. Mtafiti asiyeandika kwenye lebo alijua kwamba kesho hataitambua. Udhaifu wa chombo ulilazimisha nidhamu ya mtu. Chombo cha leo huandika tarehe chenyewe, nasi tukaiacha kalamu. Tukirudi nyuma zaidi, Edward Steere alipochapa hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, alitaja katika dibaji baadhi ya waliomsimulia. Hakuwa na makro, lakini tunawajua wasimulizi hao hadi leo.

Wako wengine wanaosema kwamba makro ni hatari na kwamba mwalimu wa lugha awaachie mafundi. Hatari ipo kweli. Virusi vya makro vimejulikana tangu miaka ya 1990, na Melissa ya mwaka 1999 ilisumbua ofisi duniani kote. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro zilizomo katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Lakini jibu la hatari hiyo ni kuandika makro yako mwenyewe, fupi na unayoielewa, na kutofungua ya mtu usiyemjua. Fundi anaweza kuandika amri. Hawezi kujua kwamba usiku wa Ijumaa ni Alhamisi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo machache. Kwanza, kila faili libadilishwe jina jioni ya siku ileile, kwa kuanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, alama ya msemaji na namba ya mfuatano. Kwa mpangilio huo orodha ya alfabeti huwa pia orodha ya wakati. Pili, lahajedwali iwe na sehemu mbili: safuwima zinazojazwa na makro, na safuwima zinazojazwa na mtu, yaani mahali msemaji alipozaliwa, alikokulia, lugha ya wazazi wake, mada, aliyenasa na ridhaa iliyotolewa. Makro isiruhusiwe kamwe kuifuta sehemu ya pili inapoandika upya ya kwanza. Tatu, majina halisi ya wasemaji yatunzwe mbali na orodha hiyo, chini ya ufunguo wa idara. Nne, nakala moja ya mafaili ibaki bila kuguswa, na orodha ihifadhiwe pia kama matini ya kawaida na kwa chapa ya karatasi, kwani programu hubadilika. Tano, mwanafunzi asipewe alama ya kazi ya uwandani mpaka daftari lake liwe mikononi mwa idara.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji robo saa ya kila jioni, kabla msemaji hajasahaulika. Faili la mzee wa Kidichi bado tunalo. Makro inatueleza ukubwa wake, njia ya kulifikia na sekunde liliponakiliwa. Sauti yake ni safi, maelezo yake kuhusu karafuu ni kamili, na hatuwezi kuandika juu yake hata sentensi moja ya kitaalamu inayoanza kwa jina la mahali alikokulia.